Simu ya bei nafuu inayokaa na chaji: Namba ya betri pekee haitoshi

MNUNUZI anayeingia katika duka la simu Kariakoo jijini Dar es Salaam, au katika barabara ya Luthuli jijini Nairobi, huwa na maswali mawili kabla ya mengine yote: inauzwaje, na je, inakaa na chaji? Muuzaji naye huwa na jibu tayari. Hugeuza boksi, huonyesha kwa kidole tarakimu kubwa zilizochapishwa ubavuni, 5,000 au 6,000, na mazungumzo huhamia kwenye bei.

Kwa simu halali, namba hiyo si ya uongo. Lakini inajibu nusu tu ya swali lililoulizwa. Inaeleza ukubwa wa tangi, haielezi injini inakunywa kiasi gani wala tangi hilo litajazwa kwa muda gani. Simu mbili zenye betri ya ukubwa mmoja zinaweza kutofautiana kwa saa nyingi, na tofauti hiyo ndiyo mnunuzi anayoilipia bila kuijua.

Jambo hili si la anasa. Dereva wa bodaboda anayeitwa na wateja kwa simu, wakala wa huduma za fedha, mama anayeagiza samaki Feri alfajiri na kulipa kwa simu, wote hupata hasara kifaa kinapozima saa kumi alasiri. Aidha, wakazi wa Tanzania wanaukumbuka mgawo wa umeme wa mwaka 2006, wa 2011 na ule uliorejea mwishoni mwa 2023, ambapo simu iliyokuwa na chaji ilipatikana kwa foleni katika vibanda vya kuchajia au kwa hisani ya jirani mwenye jenereta.

Namba inapima nini

Uwezo wa betri huandikwa kwa miliampea-saa, kwa kifupi mAh. Betri ya mAh 5,000 inaweza kutoa miliampea 5,000 kwa muda wa saa moja, au miliampea 500 kwa saa kumi. Ili kupata nishati yenyewe, uwezo huo huzidishwa kwa volti. Betri nyingi za simu za sasa hufanya kazi kwa wastani wa volti 3.85, hivyo mAh 5,000 ni sawa na wati-saa 19 na kidogo. Nishati hiyo ingewasha taa ya kisasa ya wati 9 kwa muda wa saa mbili tu. Simu hutakiwa kuishi nayo siku nzima, na kwa zile zinazosifiwa, siku mbili.

Teknolojia inayotumika ni ya lithiamu, iliyoingizwa sokoni na kampuni ya Sony mwaka 1991. Wanasayansi watatu walioiwekea msingi, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019.

Katika betri za aina hii nishati huenda pamoja na uzito. Simu ya Samsung Galaxy M51 ya mwaka 2020, yenye betri ya mAh 7,000, ina uzito wa gramu 213. Kwa hiyo betri ya dukani iliyoandikwa mAh 10,000 ambayo ni nyepesi kama kiberiti haihitaji kipimo cha maabara. Mkono unatosha.

Somo la Nokia 2

Mfano unaofundisha zaidi katika kundi la simu za bei ya chini ni Nokia 2. Ilitangazwa Oktoba 31, 2017 na kampuni ya HMD Global ya Finland, inayotengeneza simu kwa jina la Nokia, kwa bei ya takriban euro 99. Ilikuwa na kioo cha inchi 5, kichakataji cha Snapdragon 212 na betri ya mAh 4,100, na ilinadiwa kuwa simu inayokaa siku mbili bila kuchajiwa.

Kwa upande wa betri, ahadi hiyo haikuwa ya kupuuzwa. Kioo kilikuwa kidogo na chenye nukta chache, kichakataji kilikuwa cha unyenyekevu, na betri kwa wakati ule ilikuwa kubwa kuliko ya simu nyingi za bei mara tano yake. Mtu aliyeitumia kwa kupiga simu, kutuma ujumbe na kusoma habari aliweza kulala nayo bila chaja na kuamka ikiwa hai.

Tatizo lilikuwa mahali pengine. Kumbukumbu ya kufanyia kazi, ile ambayo wauzaji huiita RAM, ilikuwa gigabaiti 1 tu, na nafasi ya kuhifadhia ilikuwa gigabaiti 8, sehemu kubwa ikiwa imekwisha kuchukuliwa na mfumo wenyewe. Programu ilipofunguliwa, nyingine ilifungwa nyuma yake. Mwenye simu alingoja kioo kimwitikie. Siku mbili za betri zikawa pia siku mbili za kungoja.

HMD yenyewe ilionekana kulijua hilo. Mei 2018 ilitangaza Nokia 2.1, yenye kioo cha inchi 5.5, kichakataji cha Snapdragon 425 na betri ya mAh 4,000, pungufu kidogo ya ile ya mwanzo. Kumbukumbu ilibaki gigabaiti 1, lakini safari hii simu ilipewa Android Go, mfumo uliopunguzwa uzito kwa ajili ya simu dhaifu. Mwaka 2019 wenye Nokia 2 ya kwanza nao walipewa nafasi ya kupata Android 8.1, ila kwa kuomba wenyewe, baada ya kutahadharishwa kwamba simu ingeweza kupungua kasi. Ni nadra kampuni kumwambia mteja wake kwa uwazi namna hiyo kwamba dawa inaweza kuwa na madhara.

Yeyote anayepima simu ya bei nafuu leo anapaswa kuwa na Nokia 2 akilini. Betri kubwa katika simu ya bei ya chini hulipiwa kwa kitu kingine, na kazi ya mnunuzi ni kukitafuta kitu hicho kabla ya kutoa fedha.

Kioo kilichokula nyongeza

Tangu wakati huo betri zimekua. Tecno Pova ya mwaka 2020 ilikuja na mAh 6,000, na itel P40 ya mwaka 2023 ikaleta kiasi hicho hicho katika ngazi ya chini kabisa ya bei. Zote mbili ni za kundi la Transsion la China, lenye majina ya Tecno, itel na Infinix ambayo hayahitaji utambulisho Afrika Mashariki. Samsung Galaxy A05, nayo ya mwaka 2023, ina mAh 5,000.

Hata hivyo, kioo nacho kimekua. Kioo cha Nokia 2 kilikuwa cha inchi 5, cha itel P40 ni cha inchi 6.6. Inchi hizo hupimwa kutoka pembe hadi pembe, hivyo tofauti huonekana ndogo. Ukikokotoa eneo lenyewe, kioo cha pili ni kikubwa kwa takriban asilimia 53. Betri imeongezeka kutoka 4,100 hadi 6,000, yaani asilimia 46. Kwa maneno mengine, nyongeza yote ya betri imepewa kioo kipana zaidi cha kuangaza, na katika matumizi mengi kioo ndicho mlaji mkuu wa umeme wa simu.

Vioo vya sasa vina ufanisi zaidi kuliko vya zamani, kwa hiyo hesabu haishii hapo. Lakini inatosha kuonyesha kwa nini mtu aliyehama kutoka simu ndogo ya zamani kwenda kubwa mpya anaweza kushangaa kuona siku ni ile ile. Kupunguza mwangaza hadi nusu kunaokoa zaidi kuliko programu yoyote inayodai "kuongeza betri". Nyingi za programu hizo hazifanyi lolote ila kuonyesha matangazo, ambayo nayo yanakula chaji.

Baada ya kioo hufuata kichakataji. Vipimo vyake hutolewa kwa nanomita, na kwa kawaida namba ndogo humaanisha kazi ile ile kufanyika kwa umeme mdogo zaidi. Snapdragon 212 ya Nokia 2 ilitengenezwa kwa nanomita 28. Unisoc SC9863A iliyomo katika itel P40 ni ya nanomita 28 pia, ingawa simu hiyo ilitoka miaka zaidi ya mitano baadaye. Helio G85 ya Galaxy A05 ni ya nanomita 12. Hapa ndipo mAh 5,000 inapoweza kuikaribia, na katika kazi nzito hata kuipita, mAh 6,000. Habari hii haimo katika tarakimu kubwa za boksi. Mara nyingi imo katika maandishi madogo nyuma yake, au katika tovuti ya mtengenezaji.

Mtandao wa simu ni mlaji wa tatu, na huyu hategemei simu peke yake. Simu iliyo karibu na mnara hunong'ona, iliyo mbali hupiga kelele. Katika mtandao wa 4G, simu kwa kawaida hurusha mawimbi kwa nguvu isiyozidi wati 0.2, ilhali katika 2G nguvu hiyo inaweza kupanda hadi wati 2 kwa vipindi vifupi. Ndiyo maana abiria wa basi la Dar es Salaam hadi Mbeya huona chaji ikishuka hata kama hakuigusa simu: kifaa hubadilisha minara njia nzima, na penye mawimbi hafifu hujitahidi zaidi. Mwenye laini mbili, moja ikiwa haina mawimbi mahali alipo, afadhali aizime kwa muda.

Betri inadumu, ujumbe haufiki

Kuna njia moja ya kurefusha chaji ambayo haitajwi dukani. Mfumo wa Android ulianza kuzilaza programu zisizotumika tangu toleo la 6 la mwaka 2015, na toleo la 9 la mwaka 2018 likaongeza utaratibu wa kujifunza ni programu zipi mtumiaji huzihitaji mara kwa mara. Hilo ni jema. Lakini baadhi ya watengenezaji huenda mbali zaidi ya hapo. Huzifunga kabisa programu zote zilizo nyuma mara kioo kinapozimika, ili majaribio ya betri yatoe saa nyingi.

Matokeo yake ni simu ambayo inafika jioni ikiwa na asilimia 60, na mwenyewe anapoifungua, jumbe za WhatsApp za tangu mchana zinaingia kwa mkupuo. Kwa mtu anayetumia simu kutazama filamu, hakuna neno. Kwa dereva anayesubiri wito wa abiria kupitia programu ya usafiri, au fundi anayesubiri oda, simu hiyo ilikuwa imezima mchana kutwa, tofauti ni kwamba kioo chake kiliendelea kuwaka kilipobonyezwa.

Kasoro hii hurekebishwa katika mipangilio ya betri, kwa kuiruhusu programu husika ifanye kazi bila vizuizi. Baada ya kufanya hivyo ndipo mtu anapaswa kuipima simu yake. Saa atakazopata hapo ndizo saa halisi.

Chaja ni nusu ya betri

Kwa mkazi wa mahali penye umeme wa kusuasua, huenda kasi ya kuchaji ina maana kuliko ukubwa wa betri. Hesabu ni rahisi. Betri ya wati-saa 19 ikichajiwa kwa chaja ya wati 5, ile ndogo ya volti 5 na ampea 1 iliyozoeleka, itahitaji karibu saa nne hata kama hakuna umeme unaopotea. Kwa kuwa sehemu hupotea kama joto, na sehemu ya mwisho ya kujaza huenda polepole, muda halisi hukaribia saa tano. Betri ya mAh 6,000 huchukua zaidi ya hapo. Nokia 2 haikuwa na uwezo wa kuchaji kwa kasi, na hilo lilikuwa sehemu ya bei yake nafuu.

Itel P40 hupokea wati 18, Galaxy A05 hupokea wati 25. Umeme ukirudi kwa saa moja na nusu kisha ukakatika tena, simu ya namna hii itakuwa imepata sehemu kubwa ya chaji yake, wakati ile ya wati 5 haijafika hata nusu. Lakini namba hizo ni uwezo wa simu wa kupokea. Si ahadi kwamba chaja yenye nguvu hiyo imo ndani ya boksi. Makampuni kadhaa yameacha kuweka chaja kabisa, na mengine huweka ndogo kuliko simu inavyoweza kupokea. Mnunuzi afungue boksi hapo hapo dukani na asome maandishi ya kwenye chaja, sehemu iliyoandikwa volti na ampea zinazotoka. Volti zikizidishwa kwa ampea zinatoa wati.

Itachoka lini

Betri ya lithiamu huchoka kwa kuchajiwa na kwa joto. Mzunguko mmoja huhesabiwa pale ambapo uwezo wake wote umetumika, hata kama ni kwa vipande vya siku mbili au tatu. Kiwango kilichozoeleka kwa miaka mingi ni kubaki na takriban asilimia 80 ya uwezo baada ya mizunguko 500. Umoja wa Ulaya uliweka sharti kali zaidi kuanzia Juni 20, 2025: simu zinazouzwa huko lazima zibaki na asilimia 80 baada ya mizunguko 800, na boksi libebe lebo ya saa ambazo betri hudumu. Simu nyingi zinazotengenezwa mahsusi kwa soko la Afrika haziuzwi Ulaya, hivyo hazina lebo hiyo. Kwa zile zinazouzwa kote kuwili, lebo hiyo ni chanzo kizuri kuliko maneno ya muuzaji.

Hapa betri kubwa ina faida ya kweli ambayo watu huisahau. Mtu anayetumia mAh 3,000 kwa siku, akiwa na betri ya ukubwa huo huo, hukamilisha mizunguko 500 kwa mwaka mmoja na miezi minne. Akiwa na ya mAh 6,000 hutumia nusu mzunguko kwa siku, na 500 humchukua zaidi ya miaka miwili na nusu. Simu zenye betri zisizochomoka, ambazo ndizo karibu zote sasa, faida hiyo ni kubwa.

Joto ni adui mwingine, na Pwani inalo la kutosha. Apple, kwa mfano, hushauri simu zake zitumike katika nyuzi 0 hadi 35 za Selsiasi. Simu iliyofungwa kwenye usukani wa pikipiki juani, ikiongoza njia huku inachajiwa, hupita kiwango hicho kwa urahisi. Vivyo hivyo ile inayochajiwa chini ya mto.

Kupima nyumbani

Hakuna jaribio la dukani linaloweza kuipima betri kwa dakika tano. Ndiyo maana ni vyema kukubaliana na muuzaji mapema kuhusu siku za kurudisha, na kupata risiti. Siku tatu za mwanzo zitumike kupima.

Usiku wa kwanza simu ijazwe hadi asilimia 100, ichomolewe saa nne usiku ikiwa na laini zote na intaneti, iachwe bila kuguswa. Saa kumi na mbili asubuhi isomwe. Kupoteza asilimia 3 hadi 5 ni kawaida. Ikipoteza 10 au zaidi, kuna programu inayokesha, au mawimbi ya mahali hapo ni mabaya, au betri ina kasoro. Siku inayofuata ichezeshwe video iliyohifadhiwa ndani ya simu kwa saa moja, mwangaza ukiwa nusu na mtandao umezimwa, kisha saa nyingine video kutoka mtandaoni. Tofauti kati ya saa hizo mbili ndiyo gharama ya mtandao mahali anapoishi mnunuzi, jambo ambalo hakuna boksi linaloweza kumwambia.

Siku ya tatu iachwe ishuke chini ya asilimia 20 na kufuatiliwa kwa makini. Betri nzima hushuka kwa mwendo ule ule hadi mwisho. Simu inayoruka kutoka 15 hadi 6, au kuzima ghafla ikiwa bado inaonyesha 10, irudishwe siku hiyo hiyo. Simu iliyotumika, inayouzwa kama mpya baada ya kubadilishiwa kava, mara nyingi hujitaja hapa.

Uhalisi wa simu nao ukaguliwe kabla ya fedha kutoka mkononi. Kubonyeza *#06# huleta namba ya utambulisho ya simu, ambayo inapaswa kulingana na ile iliyochapishwa kwenye boksi. Kenya ilizizima simu bandia mwaka 2012, na Tanzania ikafanya hivyo katikati ya Juni 2016, na wengi walioamka asubuhi ile wakiwa na kifaa kisichoshika mtandao walikuwa wamenunua kwa nia njema.

Hatari ya betri mbovu si ya simu bandia peke yake. Mwaka 2007 Nokia ilitoa tahadhari kuhusu betri milioni 46 za aina ya BL-5C, ile ile iliyojaa katika simu za Afrika Mashariki wakati huo, kwa sababu zingeweza kupata joto kupita kiasi zikichajiwa. Mwaka 2016 Samsung iliiondoa sokoni Galaxy Note 7 baada ya baadhi kushika moto. Enzi ya BL-5C mtu aliichomoa betri iliyovimba na kuitupa kando. Simu ya leo ikianza kuinua kava lake la nyuma au kioo kikaachia pembeni, isichajiwe tena wala kubanwa irudi mahali pake, na ifunguliwe na fundi mwenye vifaa, si kwa ncha ya kisu mezani.